Uzi: Nyumba za mnara za Uskoti zilijengwa kumshinda mwizi wa usiku mmoja, si jeshi

Mchonga Mawe

Wakuu, habari za muda huu. Humu jukwaani tumejadili sana ramani za kisasa, leo naomba tukae kidogo na nyumba za Uskoti za kati ya miaka ya 1350 na 1650 hivi, zile ndefu nyembamba za mawe ambazo watalii huzipiga picha na kuziita kasri. Nazipenda mno, na inaniuma nikiona zinaelezwa kama ngome za vita vikubwa. Nyingi zilikuwa makazi ya familia: mwenye ardhi wa kati, mkewe, watoto, watumishi wachache, na ng'ombe nje. Adui aliyekuwa kichwani mwa mwashi hakuwa mfalme mwenye mizinga. Alikuwa jirani, au mtu wa ng'ambo ya mpaka, anayekuja usiku na farasi, anataka mifugo na vyombo, na anajua kwamba kukicha watu watakusanyika wamfuate. Ukishamjua huyo, jengo zima linajieleza.

Vita vya Uskoti na Uingereza vilianza 1296, na kwa karne tatu hivi eneo la mpakani halikutulia. Majeshi yalipita, yakachoma, yakarudi kwao. Waliobaki wakazoea kuishi kwa kuibiana. Koo za Armstrong, Elliot, Scott, Kerr, Maxwell na Johnstone upande wa Uskoti, na akina Charlton na Robson upande wa Uingereza, walivuka mpaka kuswaga ng'ombe wa wenzao. Hata ndani ya nchi moja ukoo uliiba kwa ukoo. Msimu wao ulikuwa kuanzia majani yanapopukutika hadi katikati ya baridi, usiku ukiwa mrefu na ng'ombe wameshanenepa. Mwaka 1530 Mfalme James V alishuka mpakani mwenyewe, akamnyonga Johnnie Armstrong na watu wake. Wizi haukuisha.

Miaka mitano baadaye, 1535, Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ambayo kwangu ndiyo inayofungua somo lote. Kila mwenye ardhi ya thamani ya pauni 100 huko mpakani aliamriwa ajenge boma la mawe na chokaa, futi 60 kila upande, ukuta wenye unene wa eli moja na kimo cha eli sita. Eli ya Uskoti ni kama sentimita 94. Kwa hiyo tunazungumzia ua wa mita 18 kwa 18, ukuta wa karibu mita moja unene na mita tano na nusu kwenda juu, na kazi iishe ndani ya miaka miwili. Boma lilikuwa la kumhifadhi yeye, watu wanaolima ardhi yake, na mali zao wakati wa fujo. Na mnara? Sheria inasema ajenge mnara humo ndani kwa ajili yake akiona inafaa. Boma la watu na mifugo ni lazima, mnara ni hiari yake.

Sasa jengo lenyewe. Mnara wa kawaida ni chumba kimoja juu ya kingine, ghorofa tatu, nne, wakati mwingine tano. Chini kabisa ni stoo, dari lake ni tao la mawe kutoka ukuta hadi ukuta, madirisha yake ni mianya tu. Juu ya stoo kuna ukumbi, ndipo familia inapokula na kupokea wageni, kwenye moto mkubwa. Juu ya ukumbi ni chumba cha mwenye nyumba, halafu vyumba vingine, halafu paa. Ngazi inapanda kwa kuzunguka ndani ya unene wa ukuta kwenye kona. Na unene huo wa ukuta, ambao pengine unafika mita mbili au zaidi, haukuachwa bure: wamechimba humo vyoo vyenye njia ya kumwaga nje, makabati ya kutunzia vitu, viti vya mawe pande mbili za dirisha ili mtu ashone au asome akipata mwanga. Mahali pengine kuna shimo la kufungia wahalifu, unashushwa kupitia tundu la juu. Cardoness, kule Galloway, bado utaliona shimo hilo.

Kwa nini kwenda juu badala ya kutanuka? Mti mrefu wa kujengea ulikuwa adimu sehemu nyingi za Uskoti, mbao nyingi zilitoka Norwei kwa meli. Chumba chembamba kinahitaji boriti fupi, na paa dogo linakula mbao chache. Tena ukuta mfupi wa kuzunguka unalindwa na watu wachache, na mlango ni mmoja tu. Mwenye nyumba mwenye wanaume sita angelindaje nyumba iliyotawanyika yenye milango minne?

Huo mlango mmoja ndio nataka muutazame kwa karibu. Nenda Greenknowe, karibu na kijiji cha Gordon. Juu ya mlango umechongwa mwaka 1581, pamoja na ngao na herufi za James Seton na mkewe Janet Edmonstone. Nyuma ya mahali pa mlango wa mbao kuna lango la nondo, na bado lipo pale lilipofungwa. Si nondo zilizolazwa juu ya nyingine na kupigwa ripiti. Mhunzi amezisuka. Katika robo mbili za lango zinazotazamana kona kwa kona, nondo za wima zimepenya ndani ya zile za mlalo. Katika robo mbili zilizobaki, za mlalo ndizo zimepenya ndani ya za wima. Kila makutano ilibidi chuma kipashwe moto, kitobolewe jicho, nondo ya pili ipitishwe. Lango la namna hiyo hulivunji kwa kung'oa kipande kimoja, kwa sababu kila kipande kimeshikwa na kingine. Mvamizi akiuchoma mlango wa mbao, anakutana na hilo, na ndani yake kuna watu wenye mikuki na bunduki wanaomwona vizuri kuliko yeye anavyowaona.

Njia yao ya kuujibu mnara ilikuwa moshi. Walirundika majani makavu yaliyoloweshwa maji mlangoni, wakawasha, moshi ukapanda ngazi kama unavyopanda kwenye bomba. Hapo tao la ghorofa ya chini ndilo lililowaokoa watu: moto wa stoo haukupita juu kuunguza sakafu, na mlango wa ngazi ukizibwa, unapumua kwa saa kadhaa. Saa hizo ndizo zilizokuwa zinanunuliwa na mawe yote yale.

Naendelea baadaye, karibuni maswali.

Kisiwani_Boy

Mkuu uzi mzuri. Nimewahi kusikia kwamba ngazi hizo huzunguka kuelekea kulia ukipanda ili anayeshambulia kutoka chini akose nafasi ya mkono wa upanga, na anayelinda juu awe huru. Na kwamba ukoo wa Kerr walikuwa watumia mkono wa kushoto, wakazigeuza zao. Ni kweli?

Mchonga Mawe

Ndugu yangu, hadithi hiyo utaisikia karibu kila mnara wenye kiongozi wa watalii, na Ferniehirst ya akina Kerr hutajwa kama ushahidi. Mimi siikubali. Ngazi nyingi kweli zinageuka upande huo, lakini zisizogeuka ni nyingi pia, hata kwenye nyumba za watu wasio na uhusiano wowote na Kerr. Ukichora ramani mwenyewe utaona kinachoamua: mlango uko wapi, moto wa ukumbi uko ukuta upi, na ngazi inatakiwa itokee upande gani wa ukumbi ili mgeni asiingie moja kwa moja kwenye meza ya mwenye nyumba. Tena fikiria, adui akishafika kwenye ngazi yako amevuka boma, mlango na lango la nondo. Mchezo umekaribia kuisha. Ulinzi wa kweli wa ngazi ni wembamba wake: mtu mmoja mmoja.

Fundi wa Tanga

Shikamoo kwa wakubwa. Mimi ni mwashi, huku pwani tumelelewa na chokaa ya matumbawe. Wao walichoma nini? Na hizo kuta za mawe ya porini zinahimilije mvua yao ile?

Mchonga Mawe

Fundi, swali lako ni la mtu wa kazi. Walichoma mawe ya chokaa yalipopatikana, na karibu na bahari walichoma makombe. Ukuta wenyewe ni ngozi mbili za mawe yaliyopangwa, katikati umejazwa vipande na udongo wa chokaa. Mawe ya kuchonga yaliwekwa mahali pa kazi tu: kona, mlango, madirisha, matundu ya bunduki. Kwenye mnara wa Smailholm, kule mpakani, utaona wazi, mwili ni jiwe jeusi gumu lisilochongeka la mlima huohuo, na kona na madirisha ni mchanga-mawe mwekundu ulioletwa.

Mvua ilizuiwa kwa lipu ya kurushia: chokaa na kokoto ndogo, inarushwa kwa nguvu kwenye ukuta hadi ishike. Uso wake mbaya unavunja matone, na chokaa inaachia unyevu utoke. Hizi kuta za mawe tupu tunazoziona leo nyingi zilikuwa zimevaa. Nyeupe, za rangi ya maziwa, au za waridi. Karne ya 20 wakaja watu wa saruji, wakaziba nyufa na kupiga lipu ya saruji, maji yakanaswa ndani, mawe yakaanza kubanduka. Craigievar, huko Aberdeenshire, ilibidi ivuliwe lipu yenye saruji ipigwe ya chokaa upya. Mtu wa chokaa akiona kazi ile anafurahi.

Nyota ya Mlimani

Samahani kaka, mimi naona unaziheshimu mno kwa upande wa ulinzi. Hiyo Craigievar uliyoitaja nimeiona picha. Chini ni wazi kabisa, juu imejaa vibanda vya duara kwenye kona, paa la ngazi-ngazi, mapambo. Hiyo ni nyumba ya tajiri anayetaka aonekane. Mwizi wa ng'ombe anahusikaje hapo?

Mchonga Mawe

Dada, umegusa penyewe, na wanahistoria wenyewe wamevutana sana juu ya hili: je, ni ulinzi au ni fahari? Kwa Craigievar nakubaliana nawe karibu yote. Ilimalizwa 1626 na William Forbes, mfanyabiashara aliyetajirika kwa biashara ya Baltiki. Kwa sababu hiyo walimwita Willie wa Danzig, kwa jina la bandari ya huko Baltiki. Aliinunua ikiwa haijaisha, akaimalizia juu kwa namna ile, na ndani akaweka dari za plasta zenye maua na sura za watu, na nembo kubwa ya kifalme juu ya moto wa ukumbi. Hakuwa anamwogopa Armstrong. Hata hivyo alibaki na mlango mmoja na lango la nondo. Alikuwa amenunua heshima ya kale, na heshima ya kale nchini mwake ilikuwa na umbo la mnara.

Lakini usiichukue Craigievar ukaihukumu nayo Smailholm. Tazama mapambo yale ya juu yalikotoka. Kwenye minara ya zamani kuna njia ya kutembea kuzunguka paa, inayobebwa na mawe yaliyotokeza ukutani, na kwenye kona vibanda vya mlinzi. Gilnockie, kwenye mto Esk karibu na Canonbie, kilele cha ukuta wa ubavuni kina mahali pa kuwashia moto wa ishara, kuwaambia majirani kwamba wageni wamefika. Hivyo vilikuwa vyombo vya kazi. Vizazi vilivyofuata vikavichukua vilevile, vikaviwekea paa na dirisha, vikawa vyumba vidogo vizuri vya kusomea.

Katikati ya pande hizo mbili kuna Claypotts, leo imezungukwa na mitaa ya Dundee. Imechongwa miaka miwili, 1569 na 1588, nyumba ya John Strachan. Ramani yake ni kama herufi Z: mwili wa mstatili, na mnara wa duara kwenye kona mbili zinazotazamana. Kila mnara wa duara unaona pande mbili za nyumba, kwa hiyo minara miwili inaona pande zote nne, na chini kuna matundu mapana ya bunduki yanayoelekea sawasawa na ukuta. Hakuna mahali pa kujificha ukiwa umeinama mlangoni na fungu lako la majani. Halafu juu ya hiyo minara ya duara wameweka vyumba vya mraba, vimetokeza hewani, kwa sababu kitanda na kabati vinataka kona. Ulinzi chini, maisha juu. Mtu yeyote anayeniambia nichague moja namwonyesha Claypotts.

Mdadisi_KE

Niko Ireland, niruhusu niongeze kidogo. Huku pia minara hii imejaa mashambani, na 1429 serikali ya Waingereza iliyotawala eneo la Dublin ilitoa ruzuku ya pauni 10 kwa atakayejenga mnara wa angalau futi 20 kwa 16, kimo futi 40. Kwa hiyo umbo hili halikuwa la Waskoti peke yao. Swali langu: watu wa kawaida walikaa wapi? Wewe unasema wenye ardhi tu.

Mchonga Mawe

Ahsante sana kwa nyongeza hiyo, vipimo hivyo vinaonyesha udogo wa kitu tunachokizungumzia: futi 20 kwa 16 ni chumba kimoja cha wastani.

Watu wa kawaida walikaa kwenye nyumba za udongo wa majani na miti, zinazochomwa usiku na kujengwa tena ndani ya siku chache. Mali yao ilikuwa ng'ombe, na kwa habari hiyo boma la 1535 lilikuwa muhimu kwao kuliko mnara. Na hapa kuna jambo linalopotosha karibu kila mtembeleaji. Tunauona mnara umesimama peke yake kwenye jiwe, tunadhani familia iliishi imebanana humo. Haikuwa hivyo. Smailholm ilipochimbwa, ndani ya boma zilipatikana kuta za ukumbi mwingine wa chini na jiko. Kulikuwa na pilikapilika za nyumba nzima pale uani: kupika, kuoka, farasi, watu wakingoja kuonana na bwana. Mnara ulikuwa chumba cha ndani cha kaya, na mahali pa kukimbilia. Majengo ya uani yalikuwa mepesi, yakabomoka, mawe yakachukuliwa na wakulima. Kilichobaki ni kile kilichokuwa kigumu zaidi.

Smailholm yenyewe ilivamiwa na Waingereza miaka ya 1540, mifugo na watu wakachukuliwa. Kwa hiyo jibu la kama minara hii ilifanya kazi ni: kwa wezi, ndiyo, kwa jeshi, hapana. Hata Borthwick, ambayo ni kubwa kuliko zote tulizozitaja, kimo chake zaidi ya mita 30, ilipopigwa na mizinga ya Cromwell, jenerali wa Uingereza, mwaka 1650 ilisalimu amri, na kovu lipo ukutani hadi leo.

Kisiwani_Boy

Kwa hiyo udhaifu mkubwa wa mnara ni upi, ukiondoa mizinga?

Mchonga Mawe

Paa. Robert Carey, ofisa wa Uingereza aliyelinda mpaka miaka ya 1590, ameeleza katika kumbukumbu zake alivyouzingira mnara wa akina Graham karibu na Carlisle. Hakuhangaika na mlango. Alipandisha watu juu waanze kufumua paa, washuke kwa pamoja kutoka huko. Walioko ndani walipoona hivyo waliomba uhai wao, wakafungua lango la chuma wenyewe. Muda mfupi baadaye kundi kubwa la wapanda farasi likaonekana linakuja. Mnaona saa zinavyohesabiwa?

Na kuna nyumba moja iliyolijibu tatizo hilo kwa ukamilifu kuliko zote ninazozijua: Coxton, karibu na Elgin, mbali kabisa na mpaka, ngao yake ina mwaka 1644. Ghorofa nne, na kila moja ina tao la mawe, sakafu hadi sakafu. Matao yamegeuzwa kwa zamu, moja linasukuma kuta za mashariki na magharibi, linalofuata linasukuma za kaskazini na kusini, ili uzito usirundikane upande mmoja. Paa nalo ni mabamba ya mawe yaliyolala juu ya tao la mwisho. Hakuna boriti ya kuungua wala bati la kufumua. Mlango wa makazi haukuwa chini bali ghorofa ya kwanza, unapanda kwa ngazi ya kuondoleka. Fundi wa Tanga, hebu fikiria waliopanga uzito ule kwa kamba na jicho, miaka karibu 380 na haijalala.

Cha ajabu, Coxton ilijengwa wakati huku mpakani mambo yameisha. Mwaka 1603 James VI wa Uskoti alirithi kiti cha Uingereza pia, mpaka ukawa katikati ya milki ya mtu mmoja, na akawavunja wezi wa mpakani kwa kunyonga, kuhamisha na kupeleka vitani ughaibuni. Miaka michache baadaye Baraza la Mfalme likaamuru malango ya nondo ya watu wa mpakani walio chini ya cheo cha baroni yang'olewe, chuma chake kifuliwe majembe ya plau. Hii ndiyo sababu lango kama la Greenknowe ni la kutazama kwa heshima: mengi ya wenzake yaliishia shambani.

Fundi wa Tanga

Nimekuelewa mkuu. Hayo matao ya zamu nitayatafutia picha leo. Mtu akija huko na siku chache, aanze wapi?

Mchonga Mawe

Ukiwa Edinburgh huna gari, nenda Craigmillar, iko mjini humohumo. Kiini chake ni mnara wa herufi L wa karne ya 14, mwili mkubwa na mkono mfupi, mlango umewekwa kwenye kona ya ndani ili uangaliwe kutoka pande mbili. Ukuta wa nje na majengo mengine yameongezwa baadaye, kwa hiyo unajifunza pia kaya ilivyokua. Ukipata gari, Smailholm na Greenknowe ni safari ya siku moja, ziko karibu. Smailholm ulizia kwanza kama iko wazi, wakati wa baridi hufungwa. Greenknowe haina paa wala mlinzi, unaingia tu. Tazama lango kwanza, kisha geuka utafute tundu ukutani pembeni mwa mlango, lile refu la kuingizia gogo la kufungia. Ingiza mkono wako humo. Hutafika mwisho.

Upande wa Galloway kuna Orchardton, nyumba ya mnara pekee ya duara iliyosimama peke yake Uskoti nzima, ya katikati ya karne ya 15. Ni nzuri sana kwa macho, ila ukiwa ndani jaribu kupanga kitanda utajua kwa nini majirani hawakuiga. Picha za Coxton na zile za nondo za Greenknowe nitaziweka ukurasa unaofuata, zile za karibu ambazo jicho la nondo linaonekana vizuri.